Modeli ya daraja la mbao isianzie kwenye kompyuta

Jamani, ukipewa kazi ya kutengeneza modeli ya daraja la reli la mbao lililozeeka, anza kwenda chini ya daraja lenyewe. Mi nilianza na kompyuta, nikapanga mihimili, nikapanga nguzo, nikapitisha behewa la tani 130 kwenye skrini, katikati ya mhimili ikashuka milimita 8, nikaridhika kabisa. Siku ya kupima darajani, treni ikapita, sensa, kile kifaa cha kupima mhimili umeshuka kiasi gani, ikasoma milimita 15.

Hapo ndipo wengi tunashika namba ya ugumu wa mbao, ile modulasi, tunaishusha wee mpaka modeli ifanane na kipimo. Usifanye hivyo! Mbao nzima ya Douglas fir, mti wa jamii ya misonobari, modulasi yake iko kwenye gigapaskali 12 au 13 hivi, ukiona imebidi ufike 6 ujue kuna kitu hujakiweka.

Mi nilikiona kwa macho. Treni ikija polepole, kati ya mhimili na gogo linalolala juu ya nguzo kulikuwa na upenyo wa kupitisha sarafu, gurudumu likafika, upenyo ukajifunga, ndo mhimili ukaanza kupinda. Na gogo lenyewe linabonyea, maana mbao ikikandamizwa ubavuni ugumu wake ni kama sehemu moja ya ishirini ya ule wa kufuata nyuzi. Kwa hiyo kwenye modeli weka springi isiyobeba kitu mpaka upenyo uzibe, na isivute hata kidogo. Na sensa weka tatu, moja katikati na mbili miisho ya mhimili, utoe kushuka kwa miisho ndo upate kupinda kwenyewe.

Nguzo nazo zinaoza kwa ndani huku nje ziko safi. Gonga kwa nyundo, ikilia kama debe tupu toboa upime ganda. Nguzo ya sentimita 35 ikioza kiini cha sentimita 25, eneo la kubeba mzigo linabaki kama nusu, ila ugumu wa kupinda unabaki asilimia 74, kwa hiyo ukiipima kwa kuitingisha tu itakudanganya, maana kutingisha kunaonyesha ugumu wa kupinda.

Nilipoingiza upenyo na nguzo mbili zenye uwazi, modulasi ikatulia kwenye 11 bila kulazimishwa, na nguzo iliyozidiwa haikuwa ile tuliyokuwa tunaiogopa, ilikuwa jirani yake.