Somo alipoacha kuomba maji: kwa mzazi ambaye mtoto wake anarudi nyuma

Binti yetu amepewa jina la mama yangu, ndiyo maana nyumbani sote tunamwita Somo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Tanga, na wanafunzi wakilisikia jina hilo hucheka: mwalimu kazaa somo.

Alipotimiza mwaka na miezi miwili alikuwa na maneno manne. Mama, baba, nyau, na "mai", yaani maji. Kipande cha muhogo alikishika mwenyewe akakitafuna mpaka mate yakamchirizika kifuani. Miezi minne baadaye hakuwa na neno hata moja. Muhogo akiwekewa mbele aliutazama tu. Mikono yake ikawa inakutana kifuani na kusuguana, kama mtu anayefua kitambaa kisichoonekana, kutwa nzima, isipokuwa akilala.

Leo ana miaka saba. Ana ugonjwa wa Rett, ugonjwa adimu wa jeni unaompokonya mtoto uwezo aliokwisha kuupata. Wazazi wenzangu hunipigia simu baada ya kuelekezwa na mtu wa mtu, nami hujikuta nikirudia yaleyale usiku, sauti imeshaishia darasani. Bora niyaandike.

Kama mtoto wako aliweza kitu kisha akashindwa, tafuta video zake za zamani leo hii, kabla simu haijaanguka chooni. Sisi tulizunguka karibu miaka miwili. Kwanza tuliambiwa ni usonji. Hospitali ya pili ikaandika mtindio wa ubongo na kufunga faili. Sina kinyongo sana na daktari aliyemwona Somo kwa dakika kumi: alichokiona ni mtoto asiyesema, asiyeshika kitu. Hakuwa na namna ya kujua kwamba mtoto huyohuyo aliwahi kumnyang'anya binamu yake muhogo. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia mapema, na mtoto huchelewa kupata uwezo. Kuupata, kisha ukapotea namna hii, ni habari nyingine kabisa. Video ya muhogo ilikuwa imelala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Daktari wa ubongo wa watoto, Dar es Salaam, aliitazama mara tatu, akarudisha macho kwa Somo na mikono yake, ndipo tukalisikia jina Rett kwa mara ya kwanza.

Beba na kadi ya kliniki. Katika Rett kichwa huwa cha kawaida mtoto anapozaliwa, kisha mara nyingi ukuaji wake hupungua kasi. Kadi yetu ilikuwa na uzito wa kila mwezi, lakini kichwa kilipimwa mara mbili tu. Ombeni kipimwe. Ni utepe na nusu dakika.

Jina lenyewe ni la daktari wa watoto wa Vienna, Andreas Rett. Mwaka 1954 aliona wasichana wawili kwenye chumba cha kusubiri wakisugua mikono kwa namna moja. Aliandika habari zao mwaka 1966, wachache wakasoma. Mpaka mwaka 1983, daktari Bengt Hagberg na wenzake walipoeleza habari za wasichana 35, ndipo madaktari wengi duniani wakaujua ugonjwa huu. Humpata takriban msichana mmoja kati ya 10,000. Kwa hiyo daktari wako anaweza kuwa hodari na asiwe amewahi kuuona. Mtajie jina kwa adabu.

Sasa sehemu ambayo mwalimu hawezi kuiruka.

Miaka yote nilifundisha kwamba kila seli ya mwili imebeba jeni zilezile, yaani maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili, kama 20,000 hivi, kisha nikaenda kwenye mada inayofuata. Kila mwaka kuna kijana wa dawati la nyuma anayeuliza: sasa mwalimu, kama ni zilezile, mbona ini halifikiri? Nilikuwa nikimjibu kwa sentensi moja na kufuta ubao.

Zifikirie jeni kama sanduku la kanga la bibi. Zote zimo: ya harusini, ya msibani, ya jikoni, ya kujitanda. Hakuna anayezitoa zote kwa siku moja. Seli ya ini hutoa zake, seli ya neva hutoa zake, nyingine hubaki zimekunjwa. Mwili una njia nyingi za kuzikunja, na mojawapo ni kubandika alama ndogo ya kikemia, inayoitwa methili, juu ya DNA, ule uzi ambao jeni zimeandikwa. Maandishi ya kanga hayaguswi. Ni kama pini iliyobanwa kwenye pindo: hii isitolewe, au itolewe kwa nadra. Elimu ya alama hizi zinazokaa juu ya jeni bila kubadili herufi zake ndiyo epijenetiki.

Pini peke yake haimzuii mtu. Lazima awepo anayejua maana yake. Mmoja wa wanaojua ni protini iitwayo MeCP2, ambayo mtafiti Adrian Bird na wenzake waliieleza mwaka 1992. Hujishika kwenye DNA palipo na methili, ikaita protini nyingine, na kwa pamoja zikazuia jeni za hapo zisisomwe kupita kiasi. Kwenye seli za neva zilizokomaa imejaa tele. Mwaka 1999 maabara ya mtafiti Huda Zoghbi, Houston, Marekani, ilionyesha kwamba wasichana wenye Rett wana kosa kwenye jeni inayotengeneza protini hiyohiyo. Sanduku lipo, kanga zipo, pini zipo, ila msoma pini hayupo. Jeni moja hupaza sauti kidogo, nyingine hunong'ona kidogo, maelfu kwa pamoja, na seli ya neva haipati mpangilio wa kukua inavyotakiwa. Inabaki ndogo, matawi yake machache, na mazungumzo yake na jirani zake hafifu.

Mbona basi Somo alizaliwa salama na akaanza kusema? Swali hilo lilimtesa mke wangu, akihisi kuna siku alifanya kosa. Jibu linalonituliza mimi ni hili: baada ya kuzaliwa, miaka ile ya kwanza ambayo seli za neva zinaunganishwa kwa fujo, seli hizo huongezewa methili nyingi mpya, hata sehemu ambazo tishu nyingine hazina. Pini zinaongezeka, na haja ya msomaji inaongezeka nazo. Mtoto anafika kwenye umri ambao ubongo unamhitaji msomaji kuliko wakati wowote, na ndipo pengo linaonekana.

Jeni hii iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vya DNA ndani ya seli. Msichana ana X mbili, na kila seli huizima moja, mambo ambayo mtafiti Mary Lyon aliyaeleza mwaka 1961. Huko nako ni epijenetiki. Kwa hiyo ubongo wa Somo ni kama mkeka wa ukili uliotiwa rangi na usiotiwa: seli hii imewasha X isiyo na kosa, ya jirani imewasha yenye kosa. Ndiyo maana wasichana wawili wenye kosa lilelile wanaweza kutofautiana, mmoja akatembea na mwingine asitembee. Usimlinganishe wako na uliyemwona mtandaoni.

Mwaka 2007 Bird na wenzake walifanya jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko barua yangu ya ajira. Walichukua panya walioharibiwa jeni hii, wakawaacha waugue hasa, kisha wakairudisha. Panya waliokuwa karibu kufa wakapata nafuu kubwa. Panya si binti yangu, najua. Lakini maana yake ni kwamba seli za neva hazikuwa zimekufa. Zilikuwa hai, zikingoja. Usiku nilipoielewa makala ile nilikwenda kukaa kando ya kitanda cha Somo nikaanza kumwambia habari za siku hiyo, kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa nikizungumza juu yake na si naye.

Ushauri wangu mkubwa uko hapo. Zungumza naye. Muulize. Shika vitu viwili mbele yake, kikombe na ndizi, halafu ngoja. Usingoje kama mwalimu wa darasa la watoto themanini. Hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, hata thelathini. Jibu la mtoto wa Rett huchelewa njiani, na mara nyingi huja kwa macho. Sisi tulidhani hachagui kumbe tulikuwa tunaondoa kikombe kabla hajafika. Siku hizi tuna picha kumi na mbili tulizozibandika kwenye maboksi ya biskuti. Anapokataa anafumba macho kabisa, na dada yake hakubali kwamba hiyo si dharau.

Kuhusu mikono: kumshika mkono mmoja kwa upole huufanya mwingine upate kazi. Usimfunge. Chakula kiwe laini na akae wima, maana kupaliwa ni hatari ya kweli. Mazoezi ya viungo yasiachwe, akiwa anatembea atembezwe kila siku, na mgongo utazamwe mara kwa mara kwa sababu uti hupinda. Choo kigumu nacho kisipuuzwe. Wiki nzima tuliwahi kumtuliza mtoto tukidhani ana hasira. Kuna pia kupumua: anabana pumzi, au anahema haraka mpaka midomo inabadilika rangi. Si kila tukio kama hilo ni kifafa, ingawa kifafa nacho ni cha kawaida katika Rett. Rekodi kwa simu, mpe daktari aamue. Na omba kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu baadhi ya watoto hawa moyo wao huchelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, na zipo dawa za kawaida zisizowafaa. Niliandika jambo hilo kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yake.

Kipimo cha jeni kiligharimu pikipiki yangu, na sampuli ilisafirishwa nje ya nchi. Sijutii, ila nisikudanganye: Rett hutambuliwa kwa dalili na historia ya mtoto, kipimo huthibitisha. Kama huna pikipiki ya kuuza, anza kumhudumia kesho asubuhi.

Majibu yalipokuja niliita kikao cha ukoo. Kwa miaka miwili mke wangu alikuwa amelishwa maneno: alikula udongo akiwa mjamzito, alipita makaburini magharibi, amechukua kitu kwao. Nikawaeleza kwamba kosa hili kwa kawaida halirithiwi kutoka kwa ukoo wowote, huzuka upya, na mara nyingi huzuka kwenye mbegu ya baba. Mbegu za mwanamume hutengenezwa miaka nenda miaka rudi kwa kunakili na kunakili tena, na anayenakili sana hukosea herufi. X ya baba huenda kwa binti; mwana wa kiume hupewa Y. Kipimo chetu hakikusema kosa lilitoka kwa nani, lakini kama ni kubahatisha, nikasema, kidole kinielekee mimi. Kimya. Kisha shangazi akauliza: "Basi na wewe ulipita makaburini?" Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Hajasemwa tena.

(Mkitaka mtoto mwingine, muulizeni daktari. Uwezekano wa kujirudia ni mdogo, chini ya mmoja kati ya mia, ila mara chache mama huwa amebeba kosa lenyewe bila dalili, na hilo hupimika.)

Wauzaji watakuja. Neno epijenetiki limewafikia, na mmoja aliniletea chupa ya "kufungua jeni" kwa laki mbili na nusu. Mwingine alishauri folati, aina ya vitamini, kwa wingi, kwamba itaongeza methili. Folati kwa mjamzito ni muhimu, hilo halina ubishi. Lakini kwa wasichana wa Rett ilishajaribiwa pamoja na betaine, kirutubisho kingine cha kuongeza methili, na haikuleta nafuu ya kupimika, nami sioni ajabu: pini hazikupungua, aliyepungua ni msomaji. Dawa halisi ipo moja, trofinetide, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2023. Haiponyi, huwapa baadhi nafuu kiasi, huharisha sana, na bei yake ni ya kuuza mtaa. Tiba ya kuingiza jeni inajaribiwa kwa watu. Kazi yake ni ngumu kwa sababu protini hii ikizidi nayo huleta ugonjwa mwingine. Fuatilia habari hizo, lakini usiuze kiwanja kwa ajili ya tangazo.

Wiki iliyopita mke wangu alikuwa akichagua kanga ya kuvaa kwenye harusi ya jirani. Akamshikia Somo mbili, ya bluu na ya njano, akahesabu. Alipofika kumi na saba macho yakatua kwenye ya njano, yakabaki hapo. Mke wangu haipendi njano. Ameivaa, na picha za harusi zimetoka, anaonekana kutoka mwisho wa uwanja.