Jibu: Daraja la 3 la hatari ya theluji, Tirol

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kupanda mlima karibu na Innsbruck, mji wa jimbo la Tirol nchini Austria, Jumamosi, ilhali taarifa ya maporomoko ya theluji inaonyesha daraja la 3 kati ya 5 na hali ya hewa ni nzuri. Kwanza soma taarifa hiyo mpaka mwisho, uone hatari iko upande gani wa mlima na kuanzia kimo gani, kisha upime mteremko kwenye ramani, kwa kuwa mabamba ya theluji, yaani matabaka ya theluji iliyoshikamana, huteleza hasa penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Daraja la 3 husikika kama la wastani, lakini vifo vingi hutokea katika daraja hilo.

Msimu uliopita niligeuka nyuma baada ya theluji kunguruma chini ya miguu yangu na ufa kukimbia mbele. Upepo wa usiku ulikuwa umeirundika nyuma ya ukingo. Ukiona hivyo rudi, hata kama zipo nyayo za wengine.

Kila mmoja abebe kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, fimbo ndefu ya kudungia theluji ili kumpata aliyefukiwa, na koleo, maana aliyefukiwa ana dakika chache tu. Mteremko wenyewe sijauona, hivyo siwezi kukuambia kwamba ni salama.