Muulize Mfinyanzi: Hereni za sanamu ya kaburini

SWALI: Shikamoo Bibi. Nauza shanga na hereni. Mteja kanionyesha kwenye simu picha ya sanamu ya udongo ya mwanamke, kutoka Nayarit, Meksiko. Masikio yamejaa pete juu mpaka chini, na puani pete. Anataka hereni za namna hiyo. Mama anasema ni mapambo ya maiti, yataniletea mkosi. Nikubali?
Binti wa Shanga, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama msalimie, ila hapo simuungi mkono. Sanamu ilizikwa, kweli. Kati ya mwaka 300 KK na 400 BK hivi, watu wa magharibi ya Meksiko walichimba shimo refu, kisha wakatoboa vyumba ubavuni, mfano wa mwanandani, ila vya kutosha watu kadhaa. Lakini mapambo yale ni ya walio hai. Huko Huitzilapa, Jalisco, mwaka 1993 wataalamu walifungua kaburi ambalo wezi hawakuligusa. Mkubwa mmoja alilazwa na hereni, pete za pua na bangili za kombe za baharini na jade, jiwe la kijani. Alizikwa amependeza, basi. Na hapa kwetu, mwana hiti, kile kisanamu cha mti, aliyechongwa kwenye nguzo za makaburi ya Wazaramo si ndiye mwali hukaa naye ndani?

Sasa utamu wenyewe, maana mimi naangalia mikono ya fundi. Pete zile za masikioni si za chuma wala dhahabu. Ufundi wa metali ulifika upande ule baadaye, karibu mwaka 600. Ni vijiti vyembamba vya udongo, vimeviringwa na kubandikwa kimoja kimoja sanamu ikiwa bado mbichi. Ukichelewa, mwili umeshakauka, pete inabanduka motoni. Ndani sanamu ni tupu, na huachwa tundu hewa ya moto itoke, la sivyo inapasuka. Nguo na michoro ya mwilini hupakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Kinachonikera mimi ni wizi. Makaburi mengi ya kule yalifukuliwa ili sanamu ziuzwe, na hatujui tena nani alilala na ipi. Kunakili hereni hakumwibii mtu.

Kubali kazi. Ila usitumie udongo: pete saba za udongo uliochomwa zitamvuta mteja sikio. Kata kifuu cha nazi, kisugue kiwe chembamba, na pete ya puani iwe ya kubana tu, asitoboe.