Jibu: GeForce 210 yakataa draiva kwa Windows 7

Pole ndugu yangu, hiyo kadi yako ya picha GeForce 210 kukataa draiva na skrini kubaki saizi ya 800 kwa 600 ni shida ya draiva tu (programu inayoiendesha kadi), kadi haijafa. Usidaunlodi draiva hizi mpya, hazitambui kadi hiyo kabisa, ya mwisho ni 342.01 ya Desemba 2016, ichukue kwa saiti ya NVIDIA wenyewe na uangalie kwanza Windows yako ni biti 32 ama 64 maana ukichukua isiyo yake haiingii. Na hakikisha kadi ni hiyo kweli, mimi niliuziwa moja Mwembe Tayari, Mombasa, boksi lasema vingine kadi vingine nikahangaika siku mbili nzima: fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows), rait-kliki Standard VGA Graphics Adapter (ndivyo Windows inavyoiita kadi isiyo na draiva), Properties, Details, halafu chagua Hardware Ids, hapo kuna namba ya mtengenezaji, ukiona VEN_10DE hiyo ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Kisha toa draiva ya zamani, restati, ndio uinstoli, chagua Custom na utie tiki pale pa clean installation (kuinstoli upya kabisa). Skrini ikiwa nyeusi baadaye usipanik, bonyeza F8 mashine ikiwaka, ingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya lazima tu) uitoe hiyo draiva. Niambie umeona namba gani ya VEN.