Kamera ya marehemu baba ni shilingi ngapi?

Barua za kamera za zamani zimerundikana mezani, kwa hiyo leo nazijibu hizo tu. Nyingi zinauliza jambo lilelile: nimekuta kamera kabatini, bei yake ya kweli nitaijua wapi?

Shikamoo fundi. Baba alikuwa na studio ya picha tangu miaka ya 70, ametuachia Yashica Mat-124G. Kwenye eBay nimeona moja inauzwa dola 900. Mtu wa Dar ananipa laki moja na nusu. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Wote wawili wanavutia kwao. Hiyo dola 900 ni bei anayoitamani mwenye mali, na kutamani hakulipiwi kodi. Kamera inaweza kukaa hapo mwaka mzima bila mtu kuigusa. Wewe tafuta bei iliyolipwa. Andika jina kamili la kamera, kisha kwenye vichujio vya matokeo chagua vitu vilivyokwisha kuuzwa peke yake. Zitabaki zilizopata mnunuzi katika miezi mitatu hivi iliyopita, bei zikiwa za rangi ya kijani. Ukiona bei imekatwa mstari, ujue muuzaji alikubali kupunguza. Kilicholipwa ni pungufu ya hapo.

Chukua kama kumi hivi. Ya juu kabisa na ya chini kabisa ziache, hizo nyingine usome maelezo yake moja moja. Hapo watu wengi huona uvivu, na ndipo penye jibu. Moja ilikuja na kasha na kifuniko cha lenzi. Nyingine kipima mwanga kimekufa. Nyingine imetoka kwa fundi mwezi uliopita. Ya baba inafanana na ipi?

Ijaribu hivi. Weka spidi ya sekunde moja, vuta mkono wa filamu, fyatua, halafu tega sikio. Ikinguruma kama nzi ndani ya chupa na kufunga baada ya sekunde moja, iko hai. Ikikwama katikati ya mngurumo, mafuta ya ndani yameganda na mnunuzi anayejua kazi atakukata hapo. Kipima mwanga kisipoitika usihukumu haraka: betri yake ya awali ilikuwa ya zebaki ya volti 1.35, na hizo haziuzwi tena. Na kabla hujaulizwa na ndugu zako, ile herufi G inahusu viunganishi vya umeme vilivyopakwa dhahabu. Kamera yenyewe si ya dhahabu.

Yashica ya aina hiyo ikiwa nzima huuzwa ng'ambo kati ya dola 200 na 400 hivi. Toa ada ya mtandao, toa usafirishaji, halafu toa kitu ambacho hakuna jedwali linalokionyesha: uaminifu. Mnunuzi wa Ujerumani atamlipa zaidi muuzaji wa Japani mwenye sifa elfu tano kuliko wewe unayeuza kwa mara ya kwanza. Hata hivyo laki moja na nusu haifiki dola 70. Huyo wa Dar lazima apate chake, sawa, lakini kama shata (hicho kinachofunguka na kufunga unapofyatua) inafanya kazi mwambie apande.

Salaam aleikum. Nimeuziwa hapa Mombasa Leica ya rangi ya dhahabu, ina tai wa Wanazi na maandishi ya Olimpiki ya Berlin 1936. Programu ya simu imeitambua kuwa ni Leica, ikataja maelfu ya dola. Nimeokota dodo chini ya mnazi?

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, chini ya mnazi huokotwa nazi.

Programu ya simu husoma kilichoandikwa usoni, na uso huo umeandikwa na mtu mwingine baadaye. Kamera za namna hiyo karibu zote ni FED au Zorki, za Kisovieti. FED zilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934 kwa kunakili Leica ya wakati ule, na Zorki zikafuata baada ya vita huko Krasnogorsk. Baadaye wajanja wakaona faida: futa jina la Kirusi, chora Leica, paka rangi ya dhahabu, ongeza tai. Leica yenyewe iliwahi kutoa kamera za dhahabu karibu na mwaka 1930, zisizofika 100. Uwezekano wa moja kuishia mikononi mwa mchuuzi asiyeijua ni mdogo mno.

Hakikisha kwa macho yako. Fungua lenzi kwa kuizungusha hadi itoke, chungulia ndani upande wa juu. Utaona mkono mdogo unaosukumwa na lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica halisi ncha ya mkono huo ina kigurudumu kidogo. Kwenye FED na Zorki ina kipande cha chuma kilicholala mshazari, kama ulimi. Ukiona ulimi, weka kamera sebuleni, inapendeza, na ukitia filamu itapiga picha vizuri tu.

Ukikuta kigurudumu, tazama namba iliyochongwa juu. Leica hazikupewa namba ovyo; zipo orodha zinazoonyesha namba ipi ilitoka mwaka gani. M3 ya kwanza, kwa mfano, ya mwaka 1954, inaanzia 700000. Namba na umbo vikipingana, kuna mkono wa mtu. Na zile habari za mnada wa Wetzlar mwaka 2022, ambako Leica ya Oskar Barnack mwenyewe, mbunifu wa Leica ya kwanza, ilifika euro milioni 14.4, zisikuondolee usingizi. Kamera ile ilikuwa na historia iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Yako ina risiti?

Kuna kitabu cha bei ninachoweza kununua, niachane na mitandao? (Msomaji, Nairobi)

Kipo cha McKeown, kinene kama tofali, na toleo lake la mwisho lilitoka miaka ya 2005 na 2006. Kitumie kujua kamera yako ni ipi hasa, maana majina yanafanana sana. Safu ya bei iruke.

Kamera ya mjomba ina kama nyuzi za buibui ndani ya kioo. Niifungue nisafishe kabla ya kuuza? (Msomaji, Zanzibar)

Usifungue. Hiyo ni kuvu, ugonjwa wetu sisi wa pwani. Inapenda joto, unyevu na giza, yaani kabati. Ikikaa sana hula ule utando mwembamba uliopakwa kwenye kioo, na hapo hata ukisafisha alama inabaki.

Ipime ilivyo: fungua mgongo wa kamera, weka spidi kwenye B (shata hubaki wazi ukiendelea kubana), bana kifyatulio, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, mulika tochi kwa nyuma ukitazama kwa mbele. Piga picha ya hicho unachokiona na uionyeshe kwa mnunuzi. Bei itashuka, mara nyingi nusu au zaidi. Lakini lenzi yenye kuvu ina thamani kuliko lenzi iliyofunguliwa kwa bisibisi ya cherehani. Nalisema kwa uchungu: Yashica yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, kioo kinang'aa kama kimetoka kiwandani leo. Kumbe aliyekisafisha alikirudisha kinyume. Mikanda miwili nzima ilitoka ukungu mtupu.

Kwa sasa itoe kwenye kasha la ngozi. Ngozi hunywa unyevu.

Polaroid ya zamani bado ina soko? Niko Muscat, nimepewa mbili. (Msomaji, Oman)

Uliza kwanza kama filamu yake bado inatengenezwa. Ile inayokunjika bapa, SX-70 ya mwaka 1972, filamu yake ipo, na watu wanaitafuta. Zile ambazo picha hubanduliwa kwenye karatasi zilipata pigo Fujifilm walipotangaza mwaka 2016 kuacha kutengeneza filamu hiyo. Nyingi sasa ni pambo.

Zenit yangu ina nembo ya Olimpiki ya Moscow 1980. Ni adimu, sivyo? (Msomaji, Dodoma)

Sivyo. Zenit-E zilitoka zaidi ya milioni tatu, na zenye nembo hiyo ziko tele. Bei yake ni makumi machache ya dola, na kuisafirisha kutoka Dodoma kunaweza kuzila zote. Muuzie mwanafunzi wa upigaji picha hapohapo mjini. Kabla hujamkabidhi fungua mgongo chumbani gizani, maana wiki iliyopita nililetewa moja ikiwa bado na mkanda ndani.