Mwavuli wa kuvulia samaki pwani: kagua upepo kabla ya kivuli

Mtu akiingia dukani kutafuta mwavuli wa kuvulia, kitu cha kwanza anachotazama ni ukubwa wa kivuli. Pwani ya Mtwara na Lindi jua halivunji mwavuli, upepo ndio unaovunja. Kivuli utapata kwa karibu mwavuli wowote wenye kitambaa cha maana. Kazi ni kuufikisha saa nane mchana mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekolea, mbavu zake zingali nzima.

Piga hesabu kidogo. Mwavuli wenye upana wa mita 2, ukikingwa uso kwa uso na upepo wa kilomita 18 kwa saa, unasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 5 hivi. Upepo ukifika kilomita 36, nguvu hiyo haizidi mara mbili, inazidi mara nne: karibu kilo 20, sawa na ndoo kubwa iliyojaa maji. Na uzito huo unavuta kule juu kwenye ncha ya mti, yaani nguzo ya mwavuli, kwa hiyo shina lililochomekwa juu juu mchangani linang'oka kama muhogo.

Dukani anza na mbavu, zile njiti zinazotanua kitambaa. Za chuma chembamba hushika kutu kwanza kwenye riveti, pale rangi inapokwaruzika, na zikishakatika hapo hazina dawa. Za faibaglasi hazina kutu, hupinda zikarudi. Ubaya wake ni kwamba zikikaa juani muda mrefu hutoa nyuzi ndogo zinazochoma vidole, basi zishike kwa kitambaa. Pinda ubavu mmoja taratibu kwa kidole gumba. Ukibaki na kombo, rudisha mwavuli wa watu. Kisha tazama ncha ya kila ubavu inapoingia kwenye kitambaa. Pawe na kifuko kilichoshonwa mara mbili au kofia ya plastiki ngumu. Uzi mmoja hapo ni sawa na kutoshona kabisa, kwa sababu hapo ndipo upepo unapopatafuta.

Vipimo vinachanganya watu wengi. Mwavuli wa kuvulia kwa kawaida hupimwa urefu wa ubavu, si upana wa kivuli. Wa inchi 45 una ubavu wa sentimita 114, na ukifunguka unakupa zaidi kidogo ya mita 2. Huo unamtosha mtu mmoja na vyombo vyake. Wa inchi 50 mnakaa wawili na ndoo ya chambo. Wa inchi 60 una eneo karibu mara 1.8 ya ule wa 45, na ufukweni hilo ni tanga. Upeleke kwenye mabwawa, si ufukwe wa wazi kama Msimbati.

Kitambaa kiinue kati ya jua na kiganja chako. Ukiona vitone vya mwanga mkononi, ni chepesi mno. Poliesta ya 210D (kipimo cha unene wa uzi) yenye utando upande wa ndani inafaa kwa jua na kwa mvua zetu za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukiweza kuupata wenye tundu la kupumulia kileleni, lililofunikwa na kipande cha pili cha kitambaa, ongeza pesa uuchukue. Upepo unaoingia chini unapata pa kutokea, badala ya kuugeuza mwavuli kuwa bakuli. Cha mwisho ni kiungo cha kuinamisha mti: kiwe cha chuma au alumini. Cha plastiki ndicho kinachopasuka kabla ya kitu kingine chochote.

Wengi wanatumia ile miamvuli mikubwa ya mawakala wa miamala ya simu. Imetengenezwa isimame wima kwenye kitako kizito mbele ya duka, haina kiungo, na mara nyingi haina tundu. Asubuhi tulivu ndani ya ghuba ya Mikindani inatosha kabisa. Kwenye ufukwe unaotazama bahari kuu usiitegemee.

Sasa shina, na hapa tunaomba usifanye haraka. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kigingi kizuri kuliko vile vya plastiki. Chukua bomba la inchi moja na robo, ambalo linapokea mti wa milimita 32, ulikate sentimita 80. Ncha ya chini igongwe iwe bapa kama patasi. Karibu na juu atoboe tundu, achomelee nati ya milimita 8 juu yake, ili boliti ibane mti usizunguke. Chini ya nati achomelee kipande cha nondo ya milimita 12, chenye sentimita 30, kikatize kama msalaba. Hicho ndicho mkono wa kukandamizia.

Mchanga mkavu haushiki kitu. Uparue kwa mguu mpaka ufikie ule wa chini, wenye rangi iliyokoza, ambao ukiufinyanga kiganjani unabaki na alama za vidole. Simamisha kigingi hapo, mimina maji lita mbili tatu, ushike nondo kwa mikono miwili uyumbishe mbele na nyuma huku ukikandamiza. Utausikia mchanga ukikilegezea njia, kisha ukikibana. Zamisha sentimita 50 hadi 60, ukanyage pembeni pande zote, usubiri dakika chache maji yashuke. Kitikise: kikicheza hata kidogo, rudia. Mwavuli wenyewe ufuate baadaye, ukiwa umefungwa. Uinamishe kwanza, mgongo wake uelekee upepo unakotoka, ndipo uutanue. Anayeufungua tumbo likiwa upande wa upepo hugeuziwa mbavu zote kwa mkupuo mmoja.

Sasa andaa kamba tatu za manila za milimita 4 hadi 6, kila moja mita 2.5. Mbili zitoke kileleni ziende upande wa upepo, zikiachana kama miguu ya mtu aliyesimama imara, na ya tatu iende upande wa pili kuzuia upepo wa kugeuka. Usizifunge kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani. Chukua kiroba cha unga, tia mchanga kilo 12 hadi 15 (ndoo ya lita 10 iliyojaa mchanga ni kama kilo 15), kifunge kamba katikati, ukifukie sentimita 40 kwenda chini kikiwa kimelala kukingama na kamba, ukanyage. Mchanga ulio juu yake unakishika kuliko uzito wake peke yake. Mifuko ya salfa ya mikorosho iache nyumbani: vumbi lililobaki huwasha macho na ngozi, na upepo utakuletea usoni. Ukihitaji kipande cha mti cha kufukia badala ya kiroba, okota tawi la mvinje lililoanguka, mikoko usiiguse.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo maelekezo yanayokuja na mwavuli hayalisemi. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, na alasiri linateremkia kaskazini-magharibi. Kusi nayo inatoka kusini-mashariki. Maana yake mwavuli ulioukingia upepo unafungua mdomo wake moja kwa moja kwa jua la alasiri, na aliyekaa ndani anaungua akidhani yuko kivulini. Usiugeuze kufuata jua. Ning'iniza neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, kwenye ncha mbili za mbavu upande wa mdomo. Inakata jua na kupitisha upepo. Kanga au shuka hapo itajaa upepo na kuvuta mwavuli wote. Wakati wa kaskazi hali ni nafuu zaidi: upepo unatoka kaskazini-mashariki, asubuhi jua linatokea mashariki, mgongo mmoja unakinga yote mawili mpaka saa tano hivi. Mwishoni mwa Februari na karibu na tarehe 20 Oktoba jua la mchana linapita utosini, hapo simamisha mwavuli wima kadiri upepo unavyoruhusu.

Ukitafuta mahali, tafuta mstari wa mwani ulioachwa na maji ya mwisho, ukae juu yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama na siku moja mbili baadaye, ongeza mita kadhaa, kwa kuwa kila maji yanaweza kupita ya jana. Saa ya tatu na ya nne ya kujaa ndizo zenye mbio. Bahari ikipanda mita 3.5 kwa jumla, katika kila moja ya saa hizo mbili inapanda karibu sentimita 90, na kwenye ufukwe uliolala hiyo ni makumi ya hatua. Fimbo ya kuvulia iwe mita 3 au 4 mbele ya mwavuli, pembeni kidogo, ili ukirusha mshipi ndoana isinase kitambaa.

Bahari ikianza kutoa povu jeupe kila upande, upepo umekaribia kilomita 30 kwa saa. Funga mwavuli. Ufunge pia kila unapoondoka, hata kama unakwenda kununua maji tu, maana ncha ya ubavu ikiruka inaweza kumtoboa mtoto jicho. Kwenye mtumbwi usiufungue kabisa.

Radi haina mjadala. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, laza fimbo, toka chini ya mwavuli, nenda kwenye nyumba au gari, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Kujikinga mvua chini ya mti wa chuma ufukweni kumemfanya mtu kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Kwa wavuvi wa Mto Ruvuma sheria inageuka. Mgongo wa mwavuli unaficha nusu ya dunia, na mto una mamba na viboko. Kaa mbali na ukingo, mdomo uelekee maji, uinamishe kidogo tu uone pande zote, na jua likianza kuzama ufunge, kwa sababu huo ndio wakati viboko wanapotoka kula. Msimbati na Ruvula, kwa upande mwingine, zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ulizia taratibu za uvuvi kwenye ofisi ya hifadhi kabla ya kutupa mshipi.

Ukirudi nyumbani, suuza mwavuli kwa lita 5 za maji baridi, ukianzia kwenye riveti na kiungo, chumvi inapojificha. Uanike ukiwa wazi kivulini mpaka ukauke kabisa, la sivyo kitambaa kitashika koga ndani ya mfuko. Sehemu zinazoteleza usizipake grisi, inakamata mchanga na kuwa msasa. Zisugue na kipande cha mshumaa. Tundu dogo lizibe kwa solusheni na kiraka chepesi upande wa ndani, na kifuko cha ubavu kilichofumuka kishone kwa mshipi mwembamba wa kuvulia.