Santuri za zamani bila kufilisika

Muuzaji mmoja pale soko la Owino, Kampala, alinionyesha simu kabla sijauliza bei. Santuri aliyoishika ilikuwa ikiuzwa Ulaya kwa euro 80. Yake ilikuwa na mkwaruzo kutoka ukingoni hadi kwenye lebo, ila bei ni ileile, imegeuzwa shilingi tu. Nikaenda zangu.

Ukionyeshwa simu namna hiyo, mwombe muuzaji aangalie kwenye Discogs, tovuti ya kuuzia santuri, nakala kama hiyo iliuzwa kwa ngapi mara ya mwisho. Anayoomba mtu na anayolipwa ni mambo mawili. Mwambie kwa upole, naye ana watoto wa kulisha.

Nzuri zangu, hata hivyo, sikuzipata sokoni. Nilizipata Walukuba, Jinja, kwa wazee waliofanya kazi viwandani enzi hizo. Watu wa makabila mengi walikutana pale wakaelewana kwa Kiswahili, na mshahara ukitoka walinunua rumba ya Kongo na nyimbo za Nairobi. Usiipite santuri kwa sababu lebo ni ya Kenya; nyingi za Uganda zilichapwa huko, na ndani unaweza kukuta Kiganda kitupu.

Usifike ukauliza “Mnauza?” Piga hodi, kaa, uliza gramafoni ilikwenda wapi. Chai ikija, kunywa.

Kisha kagua. Itoe kwenye jalada, maana mara nyingi kilichomo si kilichoandikwa. Iinamishe kwenye mwanga wa jua: mifereji ikiwa ya kijivu, sindano nzito imekwisha kuila. Jim Reeves na kwaya utazipata kwa bei ya soda. Magitaa ya miaka ya 1970 ndiyo yanayogombaniwa. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika usizifute kwa spiriti. Ni za shelaki, spiriti huiyeyusha. Mimi niliharibu mbili nikidhani nazisafisha. Na kwenye bodaboda zifunike, jua la mchana huzipinda.

Mimi hubeba kinanda kidogo cha kuchezea santuri, cha betri, ili mwenye mali asikie kwanza. Kina hasara zake. Mzee mmoja tulishakubaliana shilingi 30,000 kwa santuri sita. Nikamwekea ya kwanza, akanyamaza mpaka ikaisha. Akanirudishia pesa, akaomba nimwachie na kinanda hadi Jumamosi.